Filamu ya Sangara: Kamera Iliona Nini Mwanza, na Uhariri Ulisema Nini

Kila aliyeitazama filamu hii humkumbuka mlinzi wa usiku. Analinda taasisi ya utafiti wa samaki jijini Mwanza. Silaha yake ni upinde na mishale yenye sumu, na ujira wake ni dola 1 kwa usiku. Kazi hiyo, anasema mwenyewe, aliipata kwa sababu mlinzi aliyemtangulia aliuawa. Kisha, kwa sauti ile ile tulivu, anasema kwamba watu wengi wangependa vita itokee, kwa kuwa jeshini mtu hulipwa na hutunzwa kuliko mtaani. Hakuna muziki nyuma yake wala sauti ya msimulizi ya kutueleza tumwoneje. Ni uso wa mtu gizani, na maneno ambayo mtu wa Mwanza akiyasikia hataki kuyaamini.

Filamu yenyewe ni Darwin's Nightmare, iliyotoka mwaka 2004, ya dakika 107, kazi ya Hubert Sauper, mzaliwa wa Austria aliyefanya makazi yake Ufaransa. Nimeichagua kuwa kisa cha kuchambuliwa kwa sababu sijui filamu nyingine ya hali halisi iliyopigwa kwenye ardhi ya Waswahili ikazua ugomvi mkubwa kiasi hiki. Ilishinda tuzo Ulaya, ikateuliwa kuwania Oscar, ikashambuliwa na rais wa nchi, ikafikisha watu barabarani Mwanza na wengine mahakamani Paris. Katika ugomvi wote huo, waliosahaulika ni wale wale ambao filamu ilidai kuwapa sura. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Maisha ya watu yaliyomo katika filamu ni ya kweli na yamepigwa kwa upendo. Mnyororo uliotumika kuyaunganisha maisha hayo na silaha za vita, yaani dokezo kwamba ndege zinazokuja kuchukua samaki huleta bunduki, haujathibitishwa. Na serikali, badala ya kuukata mnyororo huo kwa hoja, iliwageukia watu.

Wazo la filamu, kwa maelezo ya Sauper, lilianza mwaka 1997 alipokuwa akitengeneza filamu nyingine kuhusu wakimbizi wa Rwanda katika misitu ya Kongo. Aliona ndege mbili kubwa za mizigo zikiwa karibu karibu. Moja ilikuwa imeleta tani 45 za dengu za njano kutoka Marekani kulisha wakimbizi kambini. Nyingine ilikuwa ikipaa kwenda Ulaya na tani 50 za samaki wabichi. Mtu akiona jambo kama hilo hawezi kulisahau, na msanii akiliona hulifanyia kazi. Alirudi kwenye Ziwa Victoria akiwa na kamera ndogo ya kidijitali na msaidizi mmoja, bila magari ya vifaa wala taa kubwa. Walipita kama watu wa ndege ili waweze kuingia kiwanjani, wakalala walikolala marubani, na mara kwa mara wakajikuta polisi wakijieleza.

Udogo huo wa vifaa unaonekana katika kila picha, na kwangu ndio nguvu ya kwanza ya kazi hii. Kundi la watu kumi na tano lenye jenereta lisingeweza kukaa kitandani pamoja na marubani wa Kirusi na Kiukreni wakinywa pombe na kuonyeshana picha za watoto wao. Lisingeweza kusimama gizani na mlinzi mpaka achoke kujipanga na aanze kuzungumza. Filamu za namna hii huwa hazina cha kununulia ukaribu isipokuwa muda, na Sauper aliutoa muda wake kwa wingi.

Msomaji asiye wa Kanda ya Ziwa anahitaji kwanza kumjua sangara. Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba 68,800 hivi. Tanzania ina asilimia 51, Uganda 43, Kenya 6. Sangara hakuwa samaki wa ziwa hili. Aliletwa upande wa Uganda katika miaka ya 1950, akaongezwa tena mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kwa muda akawa kama hayupo. Miaka ya 1980 alilipuka. Samaki huyu anaweza kufikia karibu mita 2 na kilo 200, na chakula chake kilikuwa furu, wale samaki wadogo wa rangi nyingi ambao wanasayansi walikuwa wakiwachunguza kwa mshangao kwa jinsi walivyojigawa katika mamia ya aina ndani ya ziwa moja. Inakadiriwa aina zipatazo 200 zilitoweka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walikuwa Ghuba ya Mwanza wakihesabu furu wakati jambo hilo likitokea mbele ya macho yao. Mmoja wao, Tijs Goldschmidt, aliandika kitabu ambacho jina lake kwa Kiingereza ni Darwin's Dreampond. Jina la filamu linakijibu kitabu hicho: bwawa la ndoto limekuwa jinamizi.

Hapo tayari kuna jambo la kuangalia. Filamu inamtumia sangara kama mfano wa mfumo mzima, mkubwa akimla mdogo mpaka amalize. Lakini ziwa halikuisha. Kuanzia miaka ya 1990, sangara walipoanza kupungua kwa kuvuliwa sana, baadhi ya furu walirejea katika Ghuba ya Mwanza kwa wingi uliowashangaza watafiti wale wale. Na kupotea kwa furu hakukuwa kazi ya sangara peke yake. Maji yaliyochafuka kwa udongo na mbolea kutoka mashambani, na hewa iliyopungua chini ya ziwa, vilichangia. Hadithi ya jinamizi hainyumbuliki kiasi cha kulibeba hilo. Sauper amekuwa akisema filamu yake si ya samaki, na kwamba angeweza kuitengeneza Sierra Leone kwa almasi, Honduras kwa ndizi, au Angola kwa mafuta. Naelewa anachokusudia. Lakini ukishamfanya sangara kuwa mfano unaoweza kubadilishwa na almasi, umeshaanza kumwacha mvuvi wa Mwanza na kumtazama mtu mwingine asiye na anwani.

Nirudi kwa watu, maana hapo ndipo filamu imesimama.

Yuko mwanamke kijana anayeishi kwa fedha za marubani. Anaimba wimbo wa kizalendo wa kuipenda Tanzania huku mmoja wao akimshikashika na kumkatiza, naye anaendelea kuimba. Anasema angependa kusoma kompyuta. Baadaye tunaambiwa ameuawa na mteja, raia wa Australia. Filamu haituonyeshi mazishi wala haitafuti machozi. Nimewasikia watu wakiilaumu filamu kwa kumwonyesha, wakisema imewavunjia heshima wanawake wa Mwanza. Sikubaliani nao. Aliyemvunjia heshima ni aliyemuua, na baada yake ni sisi tunaokasirika alipoonekana na kutokasirika alipokufa. Kati ya wote waliomo, yeye ndiye anayeitazama kamera kama mtu anayemtazama mwenzake.

Wako watoto wa mitaani. Wanagombania wali katika sufuria moja, wenye nguvu wakiondoka na konzi kubwa na wadogo wakiachwa wakilia. Usiku wanayeyusha vifungashio vya plastiki vya samaki na kuvuta moshi wake ili walale bila kuhisi woga. Yuko kijana mchoraji aliyewahi kuishi nao, na picha zake zinasimulia mtaa kuliko maneno. Yuko mchungaji katika kambi ya wavuvi, mahali ambapo UKIMWI unazika watu kila mara. Anaulizwa kama anawashauri waumini kutumia kondomu, na anasema hapana, ni dhambi. Yuko mwenye kiwanda, mtu mpole anayejivunia kazi aliyoileta mjini, ambaye ofisini kwake kuna samaki wa plastiki ukutani anayeimba kwamba usijali, furahi. Na yuko mwongoza ndege katika mnara wa uwanja wa Mwanza, akipigana na wadudu dirishani kwa karatasi wakati ndege inaomba kutua.

Huyu wa mwisho amewaudhi Watanzania wengi kuliko inavyoonekana. Katika picha za mwanzo kabisa, mtaalamu wa nchi yetu anatokea kama mtu anayeua nyigu. Haikuwa uongo, nyigu walikuwapo. Lakini mnara wa kuongozea ndege una saa 24, na mwongozaji alichagua dakika hizo. Kila filamu ya hali halisi huchagua, sisemi isichague. Nasema kwamba mtazamaji wa Vienna hawezi kujua kilichoachwa, na mtazamaji wa Nyamagana, hapo hapo Mwanza, anajua.

Mapanki ndiyo yaliyowasha moto mkubwa zaidi. Kwa asiyejua, viwanda huchukua minofu ya sangara kwa ajili ya kusafirisha nje. Kinachobaki, yaani kichwa, mfupa wa mgongo na nyama kidogo iliyoshikamana navyo, ndicho panki. Filamu inaonyesha malori yakimwaga mapanki mahali pa wazi, wanawake wakiyaanika juu ya vichanja, funza wakitambaa kati ya vidole vya miguu, na mwanamke mmoja ambaye jicho lake limeharibika kwa mvuke wa amonia unaotoka kwenye uozo. Tunaona pia vichwa vikikaangwa kwa mafuta na kuliwa. Katika picha zinazofuatana hivyo, mtu aliyekaa ukumbini anaelewa jambo moja: Ulaya inakula nyama, Mwafrika anakula mifupa yenye funza.

Ukweli wake una matabaka. Mapanki yalikuwa yakiliwa, na bado yanaliwa, kwa kukaangwa yakiwa mabichi au kukaushwa vizuri. Kwa familia nyingi ilikuwa njia ya kupata kitoweo baada ya bei ya minofu kupandishwa na viwanda. Kuliona hilo kama dalili ya dhuluma ni halali kabisa, kwa sababu samaki aliyevuliwa na jirani yako amekuwa ghali kwako. Lakini yale yaliyooza na kujaa funza sehemu kubwa yalikwenda kusagwa kuwa chakula cha mifugo. Filamu haikuyatenganisha makundi haya mawili. Iliyaweka pamoja, na uhariri ukasema kile ambacho hakuna aliyekisema kwa mdomo.

Vilevile haikusema kwamba Watanzania wenyewe hula sangara, wala haikugusa biashara kubwa ya kayabo, sangara aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kukaushwa, anayetoka mialo ya Mwanza, kule boti zinakoshusha samaki, kuelekea Kongo. Biashara hiyo ina matajiri wake, wapagazi wake, wanawake wake wa kupasua na kutia chumvi, na wateja wanaozungumza Kiswahili kutoka Goma hadi Lubumbashi. Samaki hakuwa akiondoka kwa ndege tu. Alikuwa akiondoka pia kwa lori na boti, kwenda kwa watu maskini wenzetu. Kuiacha biashara hiyo nje ya picha kumeifanya filamu iwe rahisi kueleweka Ulaya na ngumu kuaminika Kirumba, Mwanza.

Sasa silaha. Hili ndilo fundo la filamu nzima, na ni vizuri kulitazama taratibu. Tangu dakika za mwanzo Sauper anauliza swali moja kwa kila mtu: ndege zinapokuja kuchukua samaki, zinaleta nini? Marubani wanasema zinakuja tupu. Mwenye kiwanda anajibu vivyo hivyo. Mlinzi hajui. Swali linarudiwa mpaka linakuwa kama ngoma. Mwandishi wa habari wa Mwanza anaeleza kwamba viwanja vya ndege vya ukanda huu vimekuwa njia ya silaha zinazokwenda kwenye vita. Kisha, karibu na mwisho, rubani mmoja anakubali kwa uzito wa moyo. Aliwahi kupeleka Angola mizigo mikubwa, vitu kama vifaru, na wakati wa kurudi akapitia Johannesburg kupakia zabibu za kupeleka Ulaya. Watoto wa Angola wamepata bunduki kwa Krismasi, anasema, na watoto wa Ulaya wamepata zabibu. Anataka watoto wote wafurahi, ila hajui afanye nini.

Ni ungamo zito, na nimelitazama mara nyingi bila kulichoka. Lakini litazame kwa jicho la hakimu. Linahusu Angola, si Mwanza. Linahusu zabibu, si sangara. Hakuna mahali popote katika filamu panapoonyesha silaha ikishushwa katika uwanja wa Mwanza. Kilichopo ni swali lililorudiwa, mabaki ya ndege zilizoanguka kando ya ziwa, maneno ya mwandishi na majuto ya rubani, vyote vimewekwa katika mfuatano unaomfanya mtazamaji atoke ukumbini akiwa na hakika kwamba minofu aliyokula jana ilisafiri kwenye ndege iliyoleta bunduki. Inawezekana ni kweli kwa safari fulani. Biashara ya silaha katika Maziwa Makuu ya miaka hiyo haikuwa ndoto ya mtu, na ndege za aina hiyo zilikodishwa na yeyote mwenye fedha. Lakini zipo pia sababu za kawaida za ndege ya mizigo kuja tupu. Mji unaouza tani nyingi za samaki wabichi kwa ndege haununui kwa ndege tani nyingi za kitu kingine. Filamu ilipaswa ama kuthibitisha, ama kusema wazi kwamba inashuku. Ilichagua kudokeza, na dokezo lina kasoro moja: anayetuhumiwa hawezi kulijibu, na aliyelitoa halazimiki kulithibitisha.

Mapokezi Ulaya yalikuwa ya haraka. Baada ya kuonyeshwa katika tamasha la filamu la Venice mwaka 2004, filamu ilipata tuzo ya Ulaya ya dokumentari bora mwaka huo huo. Mwaka 2005 ilijaza kumbi za Ufaransa, na mwaka 2006 ikapata tuzo ya César ya filamu bora ya kwanza na kuteuliwa kuwania Oscar. Watu wakaanza kuitana wasusie sangara madukani. Mwanahistoria wa Kifaransa, François Garçon, akaandika makala kisha kitabu akiishambulia filamu, hasa madai ya silaha na ya mapanki. Magazeti makubwa ya Paris yakatuma waandishi Mwanza kupima ukweli wake. Garçon alikwenda mbali zaidi, akadai kwamba watoto walilipwa ili waigize mbele ya kamera. Hapo Sauper akamshtaki. Mwaka 2008 mahakama ya Paris ilimtia Garçon hatiani kwa kukashifu, na rufaa ya mwaka 2009 haikumwokoa. Wapo wanaoichukua hukumu hiyo kama uthibitisho wa filamu nzima. Haikuwa hivyo. Mahakama iliamua juu ya heshima ya mtu aliyetuhumiwa udanganyifu, haikukaa kupima mizigo ya ndege za Mwanza.

Nyumbani, mwishoni mwa Julai 2006, Rais Jakaya Kikwete akiwa Mwanza alitumia hotuba yake kuishutumu filamu kwamba imeipaka nchi matope na kuhatarisha biashara ya samaki. Bungeni pia ikalaaniwa. Agosti watu wakaandamana mjini Mwanza kuipinga.

Ni rahisi kucheka hasira hiyo kutoka mbali, na waandishi wengi wa Ulaya walifanya hivyo. Mimi siwezi, kwa sababu hasira hiyo ilikuwa na kumbukumbu. Kati ya mwaka 1997 na 1999, Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria mara tatu: kwanza kwa bakteria wa salmonela, kisha kwa hofu ya kipindupindu, kisha kwa habari za wavuvi wanaotumia sumu. Kila katazo lilipotangazwa, viwanda vilipunguza kazi au kusimama, bei mwaloni ikaanguka, na aliyekopa nyavu akabaki na deni. Katazo la mwisho liliondolewa mwaka 2000. Mwaka 2006 kila mtu Mwanza alikuwa bado anakumbuka jinsi sentensi moja iliyoandikwa Brussels inavyoweza kuzima majiko ya Igogo. Filamu ilipozungumziwa pamoja na neno kususia, hawakusikia mjadala wa sanaa. Walisikia katazo la nne.

Lakini namna serikali ilivyojibu ndiyo inayonisikitisha zaidi katika kisa hiki. Kulikuwa na jibu zuri mkononi. Waziri angeweza kuweka mezani kumbukumbu za mizigo iliyoingia uwanja wa Mwanza, mwaka kwa mwaka, na kumwambia Sauper alete zake. Angeweza kutenganisha mapanki ya kuliwa na ya kusagwa, na kuweka utaratibu wa usafi mahali yanapoanikwa ili mwanamke asipoteze jicho. Angeweza kuuliza nini kilitokea katika kesi ya msichana aliyeuawa. Badala yake, mwandishi wa habari wa Kitanzania aliyezungumza ndani ya filamu alikamatwa, akahojiwa, na uraia wake ukatiliwa shaka. Mwongozaji alikuwa Ufaransa na tuzo zake. Aliyelipa alikuwa mtu wa Mwanza.

Kila anayetaka kutengeneza filamu kuhusu maisha ya watu anapaswa kuusoma ukurasa huu mara mbili. Mtu anapokubali kuzungumza mbele ya kamera, hakubali mbele ya kamera peke yake. Anakubali mbele ya mwajiri wake, mwenyekiti wa mtaa, polisi, ndugu wa mke. Sauper alijilinda kwa kupita kama mtu wa ndege, na hilo ni sawa, kwa sababu bila hivyo kusingekuwa na filamu. Lakini ulinzi aliojipatia yeye hakuweza kuwapa wengine. Mlinzi anasema mbele ya lenzi kwamba amepewa mishale yenye sumu na kwamba vita ingekuwa heri. Anayemlipa ni taasisi ya umma. Alipobaki, alibaki na sura yake katika sinema zote za dunia.

Lipo pia suala la lugha, ambalo halikuguswa Paris. Mazungumzo mengi muhimu yamefanyika kwa Kiingereza. Mlinzi anatafuta maneno, anayapata machache, anayasema makavu. Wazungu wakayasikia makavu hayo kama ukali wa ukweli. Mimi nasikia mtu ambaye kwa Kiswahili angesema jambo hilo kwa kulizungusha, angelitia masharti, pengine angelifungua kwa kusema Mungu apishie mbali. Huenda maana ingekuwa ile ile. Huenda angekuja kusema kwamba anachotaka si vita, ni mshahara. Filamu inayomtaka mtu maskini aeleze nafsi yake kwa lugha aliyoiokota kazini inamfanya aonekane mfupi kuliko alivyo, hata kama inampenda.

Kwa kulinganisha, tazama Thank You for the Rain ya mwaka 2017. Mkulima wa Mutomo, Kitui, Kisilu Musya, alipewa kamera na mwongozaji wa Norway, Julia Dahr, akapiga mwenyewe mvua iliyoezua paa lake, kikao cha wakulima wenzake, manung'uniko ya mkewe. Alifika hadi mkutano wa tabianchi wa Paris mwaka 2015, na tunauona unyonge wake pale kwa macho yake mwenyewe. Fedha bado zilitoka Ulaya, na uhariri haukufanyika Kitui. Lakini mhusika alikuwa mtengenezaji mwenza, jina lake likiwa kwenye kazi, naye angeweza kusimama popote na kusema hili nililipiga, lile sikukubali. Kisilu hakuachwa awe mfano wa mtu mwingine.

Je, Sauper angeweza kufanya hivyo Mwanza mwanzoni mwa miaka ya 2000, akiwa anafuata ndege na marubani waliolewa? Kwa sehemu, ndiyo. Mchoraji yule kijana angeweza kupewa kamera. Wanawake wa mapanki wangeweza kuonyeshwa picha kabla ya mtu wa Venice, na wangesema papo hapo: haya tunakula, haya hatuli. Sentensi hiyo moja ingeiokoa filamu na nusu ya mashambulizi yake, na isingeiondolea hata chembe ya nguvu. Umaskini wa Mwanza haukuhitaji kuongezwa funza.

Pamoja na hayo yote, bado namshauri kila kijana wa Kiswahili mwenye simu na hamu ya kutengeneza filamu aitazame kazi hii. Aitazame kwanza bila sauti, aone jinsi mtu anavyoweza kukaa na watu mpaka wakasahau kamera. Kisha aitazame tena na karatasi, aandike kila picha inayosema jambo na kila jambo linalosemwa na mpangilio tu. Ndani ya filamu kuna mkutano wa mazingira ambapo afisa analalamika kwamba picha zilizoonyeshwa kuhusu ziwa zimeegemea ubaya, hazikuonyesha sehemu nzuri. Watazamaji wa Ulaya humcheka. Mwaka 2006 malalamiko yake yakawa msimamo wa taifa. Hata hivyo, zuri haliwekwi pembeni ya baya ili mizani ikae sawa. Kinachotakiwa kuonyeshwa ni jinsi mambo yanavyofanya kazi, nani analipwa na nani, kiasi gani, na mzigo unapita mlango upi.

Ziwani leo hadithi imehama. Sangara wamepungua, na kinachotafutwa kwa nguvu ni mabondo, vile vifuko vya hewa vya tumboni mwa samaki, vinavyokaushwa na kupelekwa Hong Kong na China, ambako kilo moja inauzwa kwa bei inayoiacha minofu mbali sana. Mvuvi aliyekuwa akitupa bondo sasa anajua uzito wake kwa jicho. Wanunuzi wapya wamekaa mialoni, wakopeshaji wa nyavu wamebadilisha masharti. Katika mnyororo huu hakuna haja ya kudokeza chochote. Kuna mzani, kuna stakabadhi, kuna leseni ya kusafirisha, kuna wakala anayejulikana kwa jina kila kisiwa. Mtu anayezungumza Kiswahili na Kisukuma, mwenye subira ya kulala kambini, anaweza kulifuata bondo moja kutoka mkononi mwa aliyelitoa mpaka kwenye mzani wa uwanja wa ndege, na kumuuliza kila aliyelishika amepata shilingi ngapi.